Ndugu wawili, mgombea mmoja, majimbo mawili: kura iende wapi?

Shangazi wa Tandika

Wakuu, salaam. Naomba mniamulie ugomvi ambao umeshanichosha masikio.

Wapwa zangu wawili, baba mmoja mama mmoja, wote ni raia wa Marekani wa kuapa. Mkubwa yuko Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Mdogo yuko Buffalo, jimbo la New York. Fikra zao ni zile zile: bima ya afya, vita vya nje, uhamiaji, kote wanakubaliana. Na wote wawili mgombea anayewagusa ni wa chama kidogo. Kati ya wale wakubwa wawili, yupo mmoja wanayeweza kummeza kwa maji mengi, na yupo mwingine hawataki hata kumsikia.

Mkubwa anasema kumpigia wa chama kidogo ni kumbeba yule wasiyemtaka. Mdogo anasema chama kikubwa hakitashika adabu mpaka kinyimwe kura. Wagombea wa 2028 hata hawajapatikana, lakini kundi la WhatsApp la ukoo tayari linafuka moshi.

Nataka hesabu na taratibu. Nani mzuri na nani mbaya msinieleze, hayo nayasikia bure. Nawasilisha.

Mzee wa Daftari

Shangazi, wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwake. Kosa lao ni kutaka hoja ivuke mpaka wa jimbo.

Marekani haina uchaguzi mmoja wa rais. Ina chaguzi 51: majimbo 50 na jiji la Washington. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, jumla yao 538, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Pennsylvania wana 19, New York 28. Mgombea akiongoza jimbo hata kwa kura moja anazoa wajumbe wote wa hapo. Wanaoweza kuwagawa ni Maine na Nebraska tu. Wale mliozoea Kenya, sahauni ile ya asilimia 50 na kura moja juu. Katika karibu majimbo yote hakuna duru ya pili wala kuhesabu chaguo la pili la mpiga kura. Aliyetangulia na asilimia 47 amechukua.

Sasa Pittsburgh. Mwaka 2016 Trump wa Republican aliichukua Pennsylvania kwa pengo la kura 44,292 kati ya zaidi ya milioni 6. Jill Stein wa chama kidogo cha Green peke yake alipata 49,941 humo humo. Mwaka 2020 Biden wa Democratic akaichukua kwa kura kama 80,500. Mwaka 2024 Trump tena, pengo kama 120,000. Chaguzi tatu mfululizo, kila mara jimbo limehama upande. Mtu anayepigia kura mahali kama hapo anashika usukani, apende asipende.

Buffalo ni habari nyingine. Mgombea wa Republican hajashinda New York tangu Reagan mwaka 1984, na mwaka 2024 Kamala Harris wa Democratic aliongoza humo kwa zaidi ya kura milioni moja. Mdogo akipigia chama kikubwa, akipigia kidogo, au akilala, wale wajumbe 28 wanakwenda kule kule. Kura yake anaweza kuitumia kama ujumbe.

Kipimo changu: chukua pengo la jimbo katika chaguzi tatu zilizopita. Likiwa chini ya asilimia 3, jimbo liko hewani. Likiwa juu ya 10, limekwisha. Katikati hapo, ngoja kura za maoni za Oktoba, na ziwe za jimbo, si za taifa. Mwaka 2016 Hillary Clinton aliongoza nchi nzima kwa karibu kura milioni 2.9 na akashindwa.

Msema Pweke

Hesabu nzuri, Mzee, lakini mizani yako inapima kitu kimoja tu: nani anaingia Ikulu mwezi Januari.

Hiyo hadithi ya chama kidogo "kugawa kura" inasimuliwa upande mmoja. Florida mwaka 2000: Bush wa Republican kampita Gore wa Democratic kwa kura 537, Ralph Nader wa Green alikuwa na 97,488. Basi Nader akabebeshwa lawama zote. Lakini karatasi ile ilikuwa na wagombea kumi, na wale wadogo wanane kila mmoja alipata zaidi ya kura 537. Hata James Harris wa Socialist Workers, 562. Mbona yeye hatukanwi?

Na mwaka huo huo Gore alichukua New Mexico kwa kura 366, Iowa kwa 4,144 na Wisconsin kwa 5,708. Kote huko Pat Buchanan, mtu wa mrengo wa kulia kabisa, alipata kura nyingi kuliko hilo pengo. Majimbo hayo matatu yalikuwa na wajumbe 23. Florida ilikuwa na 25. Kwa hiyo wadogo walikata pande zote mbili, ila upande ulioshinda haukuwa na sababu ya kulia.

Kisha kuna asilimia 5. Chama kikifikisha asilimia 5 ya kura za nchi nzima, mgombea wake wa uchaguzi unaofuata ana haki ya fedha za serikali kuu. Hizo zinahesabiwa kitaifa, si kwa jimbo. Kura ya Pittsburgh hapo ni sawasawa na ya Buffalo. Tajiri Ross Perot alipata zaidi ya asilimia 8 mwaka 1996, na chama chake cha Reform kikawekewa dola milioni 12.6 kwa ajili ya 2000. Mkubwa asidanganywe kwamba kura yake inapotea.

Mzee wa Daftari

Mkuu, hiyo ya milioni 12.6 umeikatisha njiani. Aliyezipokea ni huyo huyo Buchanan, baada ya chama kupasuka vipande, na nchi nzima akaambulia chini ya nusu ya asilimia moja. Fedha zilikuja, chama kikafa. Tangu hapo hakuna aliyegusa asilimia 5. Nader mwaka 2000 aliishia 2.7, Gary Johnson wa chama kidogo cha Libertarian mwaka 2016 alifika kama 3.3.

Na Florida sikusema kura zimeibwa. Fanya hesabu kwa ukali wowote unaotaka. Chukua wapiga kura 97,488 wa Nader, sema 90,000 wangebaki nyumbani. Wamebaki 7,488. Wape Gore 4,100 na Bush 3,388. Tofauti ni 712, na pengo la 537 limekwisha. Sasa chukua wale 562 wa James Harris: ili wabadilishe kitu, ingebidi 550 wampe Gore, 12 wampe Bush, na asikose kituoni hata mmoja. Ndiyo maana hatukanwi. Lawama hufuata ukubwa wa fungu.

La New Mexico na Iowa nakupa, uko sahihi, na watu wanalisahau makusudi.

Jambo jingine kwa mdogo wa Buffalo kabla hajapanda mori. Perot mwaka 1992 alipata kura milioni 19.7, karibu asilimia 19 ya nchi. Wajumbe: sifuri. George Wallace mwaka 1968 alipata asilimia 13 na nusu tu, akatoka na wajumbe 46, kwa sababu kura zake zilikuwa zimerundikana kusini na akashinda majimbo matano. Kura zilizotawanyika kama mtama hazizai mjumbe. Na hata zikizaa, kama hakuna aliyefikisha 270, rais anachaguliwa na Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, zikihitajika 26. Humo ndani ya vyama vidogo hakuna mtu.

Binti Kisauni

Hodi. Mnampa mdogo uhuru ambao karatasi yake haina.

Mwaka 2024 karatasi ya kura ya New York ilikuwa na majina mawili tu ya urais, Harris na Trump. Hakuna Green, hakuna Libertarian. Sheria ilibadilika mwaka 2020. Zamani chama kilibaki kwenye karatasi kwa kupata kura 50,000 za gavana kila miaka minne. Sasa ni kura 130,000 au asilimia 2, ile iliyo kubwa zaidi, na kinapimwa kila baada ya miaka miwili, kwa rais na kwa gavana. Green na Libertarian wakaanguka mwaka huo huo. Aliyeanguka lazima akusanye sahihi 45,000 za wapiga kura ndani ya wiki sita. Zamani zilikuwa 15,000. Wakati huo huo Pennsylvania, mahali ambapo Mzee anamkataza mkubwa, majina ya Stein wa Green na Chase Oliver wa Libertarian yalichapwa bila shida. Penye ruhusa hakuna jina, penye jina hakuna ruhusa.

Basi mdogo ana njia mbili.

Ya kwanza ni kuandika jina kwa mkono. Hapo ndipo wengi wanapoteza. New York haihesabu jina lolote utakaloandika. Inahesabu la mgombea aliyewasilisha hati yake pamoja na orodha ya wajumbe wake kwa bodi ya uchaguzi ya jimbo. Orodha ya waliokubaliwa hutolewa kabla ya uchaguzi, atafute hiyo kwanza. Jina liandikwe ndani ya kisanduku chake, kwa herufi zinazosomeka. Na asiweke alama pia kwa jina lililochapwa. Akifanya vyote viwili, mashine inahesabu kwamba amechagua marais wawili, na sehemu ya urais inatupwa.

Ya pili ni nzuri zaidi, na watu wa New York wenyewe wengi hawaielewi. Huko chama kidogo kinaweza kumsimamisha mgombea yule yule wa chama kikubwa kwenye mstari wake. Jina la mgombea wa Democratic hutokea tena kwenye mstari wa Working Families, la Republican kwenye mstari wa Conservative. Kura za mistari yote zinajumlishwa kwa mgombea, lakini kila mstari unahesabiwa peke yake. Ukimpigia kupitia mstari mdogo, mgombea amepata kura yake kamili, na chama kidogo kimesogea kuelekea zile 130,000. Ujumbe umefika na hakuna kilichopotea. Angalizo: aweke alama mstari mmoja tu. Akijaza miwili ya mgombea yule yule, inahesabiwa kura moja, na kwa kawaida inaandikiwa chama cha mstari wa kwanza, yaani kile kikubwa. Atakuwa amejichosha.

Pennsylvania haina huo mpango kwa urais. Mkubwa asiutafute.

Kitabu Wazi

Wakuu, mnabishania mlango wa kutokea wakati wa kuingilia uko wazi. Kama tatizo ni kwamba mgombea wa chama kikubwa hamezeki, mahali pa kumbadilisha ni kwenye mchujo, yaani kura ya kuteua mgombea wa chama. Novemba ni kuchagua kati ya walichopika wengine.

Na hapa wapwa wote wawili wana mtego mmoja. Pennsylvania na New York mchujo ni wa wanachama tu. Anayejiandikisha bila chama, au kwa jina la Green, hapigi kura mchujo wa Democratic wala Republican. Vijana wengi wenye msimamo hujiandikisha "huru" kwa fahari, halafu Aprili wanafika kituoni na hawaoni karatasi yenye majina ya urais. Kujiandikisha na chama si kiapo. Hulipi ada, na Novemba unampigia umtakaye.

Tarehe ndizo zinazoua. Pennsylvania unaweza kubadilisha chama hadi siku 15 kabla ya mchujo. New York aliyekwisha kuandikishwa lazima ombi lake la kubadilisha chama lifike kabla ya 14 Februari kupita. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, Oktoba ya mwaka uliotangulia. Aprili 2016 Ivanka na Eric Trump walishindwa kumpigia baba yao mchujo wa New York kwa sababu walichelewa tarehe hiyo. Kama imewapata hao, itampata yeyote.

Na msijipe matumaini makubwa mno. Mwaka 2024 Biden na Trump wote walifikisha idadi ya wajumbe wa mkutano mkuu wa chama tarehe 12 Machi. New York walipiga kura 2 Aprili, Pennsylvania 23 Aprili. Shughuli ilikuwa imekwisha. Kwa upande wa Democratic mgombea lazima pia avuke asilimia 15 katika jimbo au wilaya ndipo apate mjumbe. Akipata 14 hapati kitu. Kwa hiyo hata kwenye mchujo, anayempenda mgombea wa nafasi ya nne atakutana na hesabu zile zile za Mzee. Tofauti ni kwamba mchujo una faida nyingine: wagombea wa Bunge la Marekani nao hupitia mchujo, Pennsylvania siku hiyo hiyo na New York kwa kawaida Juni, na huko mtu anaweza kupita kwa kura chache sana.

Msema Pweke

Kitabu Wazi, hapo nakuunga mkono nusu. Lakini umejijibu mwenyewe: mchujo wa Aprili ni kupigia kura mshindi aliyekwisha kutangazwa. Ndiyo maana watu hutumia kura ya "sijaamua". Michigan, Februari 2024, zaidi ya watu 100,000 walichagua hivyo kwenye mchujo wa Democratic kwa ajili ya Gaza, kama asilimia 13. Habari ilifika nchi nzima siku hiyo hiyo. Mgombea mdogo hajawahi kupata kichwa cha habari kama hicho kwa kura 100,000 za Novemba.

Fundi Bahasha

Mnapiga hesabu za kura ambayo huenda isihesabiwe. Mkubwa wa Pittsburgh kama anapiga kwa posta, asome hapa.

Pennsylvania unatumiwa bahasha mbili. Karatasi inaingia kwanza kwenye bahasha ndogo ya siri, usiandike chochote juu yake, hata jina. Hiyo ndogo inaingia kwenye kubwa, na kubwa ndiyo unayosaini nyuma na kuweka tarehe. Karatasi ikija bila bahasha ya siri inaitwa "kura uchi" na inakataliwa. Tarehe imezaa kesi mahakamani miaka na miaka. Usijitie uwakili, andika tarehe ya siku unayosaini. Maombi ya kura ya posta yafike saa 11 jioni, Jumanne moja kabla ya uchaguzi. Kura yenyewe ifike ofisi ya kaunti saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hausaidii. Na kura hizo hazifunguliwi mpaka saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi, ndiyo sababu matokeo ya Pennsylvania huchelewa. Siyo wizi, ni bahasha nyingi.

Tena mnataja Florida mnasahau Palm Beach. Karatasi ya kaunti ile ilikuwa na kurasa mbili zilizofunguka kama mbawa, matundu katikati. Kushoto Bush alikuwa wa kwanza, Gore wa pili. Lakini tundu la pili lilikuwa la Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia; la Gore lilikuwa la tatu. Buchanan akapata kura 3,407 katika kaunti ambayo haikuwa yake kabisa, na karatasi zaidi ya 19,000 zikatupwa kwa kutobolewa marais wawili. Linganisha na pengo la 537. Kabla ya kumlaumu Nader, mlaumuni aliyepanga matundu.

Na wa kadi ya kijani anayesoma hapa: usijiandikishe hata kama karani wa leseni ya gari amekuwekea fomu mbele. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia njia ya uraia moja kwa moja.

Shangazi wa Tandika

Ahsanteni sana, nimeandika kwenye daftari. Swali moja la mwisho. Mkubwa anasema: vipi yeye ampigie wa chama kikubwa kwa niaba ya wote Pittsburgh, na mdogo ampigie wa chama kidogo kwa niaba ya wote Buffalo? Si haramu hiyo?

Binti Kisauni

Shangazi, hiyo ina historia. Mwaka 2000 zilifunguliwa tovuti za kubadilishana kura kati ya watu wa Gore na wa Nader kwa mtindo huo huo. California wakatishia kuzishtaki, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya huko magharibi ikasema kubadilishana ahadi ni uhuru wa kujieleza. Mahakama hiyo haitawali Pennsylvania wala New York, lakini ndugu wawili kukubaliana mezani hakuna anayewagusa. Kinachogusa ni fedha. Ukilipa au kulipwa kwa kura ni kosa la shirikisho, kifungo hadi miaka mitano. Hata kwa utani, mkubwa asimtumie mdogo dola 50 siku hiyo na kuandika "ya kura".

Ushahidi pia asidai. New York sheria inakataza kuonyesha karatasi uliyokwisha kuijaza, kwa hiyo hakuna picha. Itabidi waaminiane.

Ila kama mdogo atapitia mstari wa chama kidogo badala ya kuandika jina, hawana haja ya kubadilishana chochote.

Shangazi wa Tandika

Nimewatumia wote wawili. Mkubwa kaweka kidole gumba. Mdogo anauliza 14 Februari ya mwaka gani.

Kitabu Wazi

Ya 2028. Na ombi liwe limefika ofisini siku hiyo, sio limetumwa.